Nahamia Kigoma na familia: Mwanga, Gungu, Katubuka au Ujiji? Naombeni ushauri

Baba Wawili na Nusu

Wakuu habari za humu. Wakubwa zangu shikamooni.

Nimepata uhamisho kutoka Morogoro kwenda Kigoma, natakiwa kuripoti mwanzoni mwa Januari. Ofisi iko mjini, jirani na stesheni ya reli. Kigoma sijawahi kukanyaga. Ninachokijua ni dagaa, mawese na yule mzungu wa kwenye kitabu cha historia.

Ningekuwa peke yangu nisingewasumbua, ningepanga chumba popote. Sasa nina mke mjamzito (ndiyo hiyo nusu), binti anayeingia darasa la nne, kijana wa chekechea, na mama yangu mzazi ambaye magoti yanamsumbua. Mke ni fundi cherehani, atahitaji kufungua kazi huko huko.

Nimepiga simu kwa watu wawili watatu, kila mmoja anasifia mtaa wake. Mmoja kasema Mwanga ndiyo kila kitu. Mwingine kasema nisithubutu, niende Gungu au Katubuka. Dalali yeye kanitumia picha za nyumba ya Bangwe inayotazama ziwa, mke kaipenda balaa. Nataka nyumba ya vyumba vitatu, maji ya uhakika, watoto wacheze nje bila mimi kukaa roho juu. Bajeti ni ya mtumishi wa kawaida, msinicheke.

Wenyeji nisaidieni.

Mgebuka Mkavu

Karibu mwisho wa reli mkuu. Ukifika tu utatuelewa kwa nini hatuhami.

Mama Shani wa Gungu

Kaka, karibu sana na hongera kwa uhamisho. Wengi wakipangiwa Kigoma wanalia, wakipangiwa kuondoka wanalia tena.

Umetaja jambo moja ambalo wote waliokushauri wamelipita, nalo ni magoti ya mama. Kigoma ni mji wa milima. Barabara ya Lumumba inaanzia pale stesheni kwenu inapanda kwenda Mwanga, na ukishatoka kwenye lami kuingia mitaani, pande nyingi ni kupanda na kushuka. Nyumba nzuri unaweza kuipata, ila kutoka getini hadi barabarani pana ngazi za udongo, na masika zikilowa hata mimi navua viatu. Bibi wa watu atakaa ndani mwezi mzima kama mfungwa. Kwa hiyo kabla hujauliza nyumba ina vyumba vingapi, uliza bajaji inafika mlangoni? Na mvua ikinyesha inafika?

Kwa sababu hiyo nakupeleka Gungu au Katubuka. Huku juu, upande wa uwanja wa ndege, ardhi imetulia. Viwanja vingi vina nafasi, unapata nyumba yenye fensi na kauwanja ka watoto, na watumishi wengi ndiyo wamejenga au wamepanga huku. Mjini unashuka kwa bajaji au daladala. Ubaya wake ni vumbi jekundu wakati wa kiangazi, mashuka meupe acha Morogoro.

Maji: usiridhike na kuona bomba. Mita ya KUWASA, mamlaka ya maji ya hapa, ipo, sawa, lakini muulize mpangaji anayehama au jirani, siyo mwenye nyumba, maji yanatoka siku zipi na saa ngapi. Nyumba za mwinukoni presha huwa ndogo. Nyumba yenye simtanki lililoinuliwa kwenye mnara ongeza hela kidogo uichukue. Ukiwa na kichanga ndani ya nyumba utanikumbuka.

Mjiji Asilia

Mama Shani umeongea vizuri ila umeiruka Ujiji kama vile haipo kwenye ramani. Kama hoja ni tambarare, Ujiji ni tambarare kabla Gungu haijawa mtaa.

Ndugu mleta uzi, Ujiji ni mji wa watu. Watoto wako watalelewa na mtaa mzima. Binti akionekana anazurura saa moja usiku, kabla hajafika kwako ameshaulizwa na wazee watatu anatoka wapi. Jioni vibaraza vimejaa, huyo mama yako atapata wenzake wa kukaa nao mkekani badala ya kufungiwa ndani ya fensi ya Gungu akitazama geti. Nyumba ni bei nafuu kuliko huko juu, soko liko karibu, samaki unapata bila kupelekwa mjini. Kama ni Waislamu, madrasa zipo kila kona.

Umbali hadi mjini ni kama kilomita nane hivi, daladala za Ujiji na Kigoma zinapishana kutwa.

Mama Shani wa Gungu

Mjiji sijaiponda Ujiji, nimezaa na mtu wa huko. Lakini mwambie ukweli wote mgeni. Nyumba nyingi za Ujiji ni za zamani, zimebanana, vyumba vinatazamana na ukumbi katikati, choo nje. Atatafuta sana kupata vyumba vitatu vya kujitegemea. Na upande wa chini kuelekea bonde la Luiche mbu wana kadi ya uanachama. Mke mjamzito huyo.

Mjiji Asilia

Mbu wa Gungu wao wanakula majani? 😂 Malaria ni ya mkoa mzima. Chandarua ni lazima popote. Ila hilo la bonde nakubali, asishuke sana kule, akae Ujiji ya juu karibu na barabara.

Kapteni Mstaafu

Hiyo nyumba ya Bangwe chukua mkuu. Upepo wa ziwa, jua linazama Kongo unaliona ukiwa na kahawa mkononi. Maisha ndiyo haya haya.

Sista Rehema

Kapteni wewe huna mtoto wa chekechea, tulia.

Mimi ni muuguzi, nimelea watoto hapa. Bangwe ni pazuri, nyumba ni nzuri, wala sitasema uongo. Lakini ni rasi, ni vilima, na ziwa liko chini yako. Tanganyika ni la pili kwa kina duniani, na sehemu zenye mawe kama zile linakatika ghafla, hatua chache tu kutoka ukingoni mtoto hafikii chini. Kijana wa miaka mitano akishazoea njia ya ziwani humzuii. Wenyeji wana watoto wanaojua kuogelea kabla ya kusoma, wa kwako wametoka Morogoro. Kama mke ameipenda sana hiyo nyumba, sharti iwe na ukuta wa kweli na geti linalofungwa, siyo maua.

Hayo hayo kwa Kibirizi na Katonga. Ni sehemu za mialo, biashara ya dagaa na mizigo usiku na mchana, boti za kwenda Gombe na vijiji vya ziwani zinaanzia Kibirizi. Pana hela, pana makelele, na kwa familia yenye bibi na kichanga sipashauri. Tena ziwa likipanda huwa linaingia. Mwaka 2021 na tena 2024 maji yalipanda sana, watu wa ukingoni walihama. Ukiona nyumba ya karibu na maji inapangishwa kwa bei ya kutupa, angalia ukuta kwa chini kama una alama ya maji.

Kuhusu mama kijacho: aje na kadi yake ya kliniki na vipimo vyote, asiviache kwenye begi linalosafirishwa na vitanda. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ni Maweni, na ipo ya Baptist pia. Kama miezi imesogea, fanyeni jaribio la usiku: mpigie bajaji wa mtaa unaotaka kupanga saa tano usiku umuulize kama anakuja na kwa shilingi ngapi. Jibu lake litakuonyesha mtaa vizuri kuliko dalali. Maji ya kunywa chemsheni au tieni dawa, hasa mvua zinapoanza. Kipindupindu huku hatukisikii redioni tu.

Baba Wawili na Nusu

Aisee nashukuruni sana. Sista Rehema nimemsomea mke, Bangwe imeondoka kwenye orodha kwa shingo upande. Mimba ina miezi mitano.

Swali: kama nikienda Gungu, cherehani yake itapata wateja? Na shule binti nimtafutie vipi nikiwa huku Morogoro?

Mwalimu wa Zamu

La shule nijibu mimi.

Binti anaingia darasa la nne, na darasa la nne lina upimaji wa kitaifa mwishoni mwa mwaka. Kwa hiyo uhamisho ufanyike sasa, afungue Januari akiwa shule mpya, usimlete katikati ya mwaka usajili ukiwa umeshafanyika. Nenda kwa mwalimu mkuu wake wa sasa, omba uhamisho na hakikisha namba yake ya PREM, ile ya usajili wa mwanafunzi, unaondoka nayo. Bila hiyo namba atakaa darasani kama mgeni wa harusi. Shule inayompokea nayo ithibitishe kwamba ina nafasi kabla hujaanza kuhangaika.

Shule za serikali zipo kata zote na hakuna ada, lakini idadi ya watoto darasani inatofautiana sana. Usichague kwa kusikia. Ukija kuripoti, pita asubuhi kengele ikilia, chungulia. Halafu tembea kwa mguu kutoka shule hadi kwenye nyumba unayotaka kupanga, kwa mwendo wa mtoto. Huku kuna makorongo, mvua ikinyesha mlimani yanajaa kwa dakika chache. Nyumba iliyo upande mmoja wa korongo na shule upande wa pili mimi siipangi, hata ikiwa bure.

Chekechea binafsi zipo nyingi Mwanga na Gungu, nyingine zina gari.

Fundi Asha

Wifi yangu cherehani asiwe na wasiwasi kabisa! Kigoma ni mji wa vitenge. Vinaingia kutoka Kongo na Burundi, na wanawake wa huku wanavaa, siyo kutunza kabatini. Ijumaa na Jumapili utadhani kuna maonyesho. Ila wateja wako Mwanga, sokoni na barabara zake. Kule ndiko kila mtu anapita.

Mimi nakaa Katubuka, fremu yangu iko Mwanga, naenda na kurudi. Akijifungua anaweza kushonea nyumbani miezi ya mwanzo, wateja anawapokea mbele ya nyumba, kisha atafute fremu ya kuchangia na fundi mwingine. Asikimbilie kulipa fremu ya mwaka mzima kabla hajajua mitindo ya huku.

Na hao wanaosema Mwanga haifai familia wanakuza mambo. Mwanga ni kubwa. Pale sokoni ni vurugu, baa na spika hadi usiku, kweli. Ukiingia ndani mitaa ya pembeni pametulia, na kila kitu kipo karibu. Tatizo ni hiyo milima tu.

Mgebuka Mkavu

Na bei ya mboga. Mgeni usije ukidhani samaki ni bure. Ziwa huwa linafungwa ili samaki wazaliane, 2024 lilifungwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti. Kipindi hicho dagaa tunawaangalia kwa heshima. Nunua wakavu mapema, weka ndani.

Dalali Mwaminifu (yupo mmoja tu)

Nawatetea wenzangu kidogo halafu nawasema. Kodi ya miezi sita kwa mkupuo ni kawaida, na dalali anachukua ya mwezi mmoja. Usitume hela ukiwa Morogoro, hata ya kushikia nyumba, hata ukipigiwa video. Kuna mteja wangu alilipia nyumba kwa picha, alipofika akakuta ina watu wanapika chakula cha mchana.

Fanya hivi: njoo peke yako wiki moja kabla, fikia nyumba ya wageni, zunguka na boda asubuhi na usiku. Uliza LUKU, yaani mita ya umeme, ni yako peke yako au mnachangia na nyumba ya uani. Kuchangia LUKU na mtu mwenye friji la biashara kumevunja undugu wa wengi. Mkataba uandikwe, na mwenyekiti wa mtaa akufahamu.

Na kwa kuwa wewe ni mtumishi, najua baada ya mwaka utataka kiwanja. Huku juu karibu na uwanja wa ndege, na kokote reli mpya ya SGR inakopita kutoka Tabora, usinunue kwa maneno. Mkataba wa kipande cha Tabora hadi Kigoma ulisainiwa Desemba 2022, kilomita 506. Anza manispaa, kitengo cha ardhi, uone ramani kwanza.

Baba Wawili na Nusu

Wakuu sina cha kuwalipa. Nimeamua hivi: nakuja mwenyewe kwanza, natafuta Katubuka au Gungu, bajaji ifike mlangoni, shule isivuke korongo. Mama kasoma majibu ya Mjiji akasema yeye anataka Ujiji kwenye vibaraza, kwa hiyo Mjiji umeniletea kesi nyumbani.

La mwisho: vyombo. Fuso kutoka Moro au niweke kwenye treni?

Mjiji Asilia

😂😂 Mwambie mama Ijumaa namtuma kijana na bajaji anakuja kumchukua, jioni anarudishwa Gungu kwake.

Mzee wa Breki

Vitanda, makochi, kabati na cherehani kichwa chake kikiwa kimefunguliwa: treni, kama utapata nafasi na huna haraka. Nenda stesheni ya Morogoro uulize ratiba ya mizigo mwenyewe, usiulize mtandaoni. Fuso ya peke yako kwa umbali huo ni ghali, bora utafute inayokuja huku kufuata mzigo wa mawese au dagaa, maana hiyo inakuja tupu na dereva anapunguza bei. Godoro lifunge kwa turubai. Jiko la gesi beba, mtungi ujaze huku. Usibebe ndoo wala beseni, Mwanga vimejaa tele.