Kama modeli ya hali ya hewa inajua yote, kwa nini jeshi bado lina mtabiri?

Kijana_wa_Kodi: Wakuu, naandika programu ya kutabiri mvua za radi, mradi wa chuo. Majeshi makubwa yana kompyuta zao za hali ya hewa. Kwa nini bado wanamsimamisha mtu mbele ya kamanda aeleze? Si watume ramani tu?

Mzee_Barometa: Mdogo wangu, nimefanya utabiri kwenye uwanja wa ndege za kijeshi miaka 14, na hata makamanda wameniuliza hivyo.

Modeli, yaani programu ya kompyuta inayokokotoa hali ya hewa, hukata anga vipande vya miraba. Ile ya dunia nzima, mraba mmoja unafika kilomita 9 au zaidi, na wingu la radi linaweza kuwa na upana wa kilomita 5. Linajificha humo humo. Modeli ya eneo dogo, ya kilomita 1 au 2, hulichora vizuri sana ila mara nyingi hulikosea mahali. Siku moja ilinionyesha radi saa kumi jioni, kilomita 40 mashariki mwa njia ya helikopta zetu. Saa nane na nusu nikatoka nje. Upepo ulikuwa umegeuka, wa baridi, una harufu ya udongo uliolowa. Nikaitazama rada, nikampigia kamanda: ziahirishwe. Alinifokea. Saa tisa na robo mvua ya mawe ikapasua kioo cha gari la mafuta pale uwanjani.

Na kuhusu kutuma ramani: Aprili 1980 helikopta 8 za Marekani ziliruka usiku kwenda Iran kuokoa mateka. Uwezekano wa vumbi jangwani ulikuwemo kwenye karatasi za mpango. Marubani hawakuelezwa. Wakajikuta ndani ya vumbi, na helikopta moja ikarudi. Hili huwa linaniuma kila nikilikumbuka.

Dira77: Ongeza hili: kituo cha utabiri cha Ulaya huendesha modeli mara 50, kila mara ikianza na tofauti ndogo. Majibu yakitawanyika, usiamini mchoro mmoja.

Kijana_wa_Kodi: Kwa hiyo programu yangu iseme nini?

Mzee_Barometa: Isiseme “radi ipo” au “haipo”. Imuulize kwanza mtumiaji kikomo chake. Upepo unaomzuia askari wa parachuti, ndege ya mizigo inauhimili. Halafu itoe uwezekano wa kikomo hicho kuvukwa, saa kwa saa. Kwetu sisi, radi ikiingia ndani ya kilomita 9, kujaza mafuta kunasimama. Anzia hapo.