NIMELIPA MAHARAGWE!!! Yule fundi wa Kondele amenimaliza

Wadau wa Kisumu, nimetoka huko sasa hivi na mikono bado inatetemeka. Yule fundi. Mnamjua. Yule wa ovaroli iliyokuwa bluu enzi za Moi.

Foku ya baiskeli yangu, ile shokamzoba ya mbele, ni ya upepo, inazama milimita 100. Nikishuka Riat ilikuwa inazama mpaka mwisho, ko, ko, kila shimo. Nikamwambia ongeza upepo kidogo. KIDOGO. Akaniangalia kama nimemwomba figo, akavuta mpira wa kompresa ya kujazia matairi ya matatu. Nikasema bosi, hii ina pampu yake ndogo yenye geji. "Upepo ni upepo," akasema.

Foku ikawa ngumu kama mchi. Akasema sasa umezidi, ngoja nipunguze. Badala ya kubonyeza valvu akachukua spana akafungua kifuniko cha juu, upepo ukiwa wote ndani. PAAA! Kifuniko kikapita sikioni kwangu, kikagonga mabati, kikatua ndani ya sufuria ya mama wa kibanda. Watu kimya. Fundi hata hakushtuka: "Mwenye baiskeli, lipa maharagwe."

Lipa maharagwe. MIMI. Ningekuwa nimeinama kidogo saa hii naandika na jicho moja, na bado ningeambiwa lipa maharagwe. Mia saba. Halafu akadai 150 za kazi. Kazi gani? Ya kupika?

Nyuki_Mamboleo: Pole sana omera 😂😂 Lakini maharagwe yenyewe ulibeba?

Spoku36: Na wewe pia uliona kompresa ukasimama tu. Chemba ya foku ni ndogo, kompresa inaijaza kabla hujapepesa jicho. Na kabla ya kufungua chochote juu, unabonyeza kile kipini cha valvu polepole, uso kando, mpaka iache kulia. Siku nyingine jaza kwa pampu yake, usipite namba iliyobandikwa kwenye mguu wa foku. Sukuma ile pete ya mpira iliyo kwenye bomba la foku hadi kwenye sili, pale bomba linapoingia mguuni, kaa juu na begi lako la kila siku, ushuke bila kurukaruka, kisha upime. Kwa hiyo 100 yako, pete ikisogea milimita 20 hadi 25 uko sawa.

Mwenye uzi: Asante kaka. Lakini nimelipa maharagwe.

MambaMweusi: Ndiyo maana sisi tuko na baiskeli za Black Mamba. Shokamzoba ni makalio yako mwenyewe. Boda boda ilizaliwa Busia na hizi hizi, na hakuna abiria aliyeuliza pete imesogea ngapi.

Nyuki_Mamboleo: Abiria hakuuliza kwa sababu hakuwa na pumzi.

Dada_Kibuye: Mnalia foku? Mimi fundi simu alinirudishia simu yangu ikiwa na picha 400 za harusi ya watu nisiowajua. Nimeanza kuwazoea. Bibi harusi alikuwa na wasiwasi.

Naks_Damu: Afadhali simu. Huku Nakuru fundi nguo alinishonea suruali, mguu mmoja unafika kiatuni, mwingine unaonyesha soksi. Namuuliza, ananiambia nisimame vizuri.

Mwenye uzi: Jameni turudi kwa fundi. Kifuniko kimejaa supu na ringi yake ya mpira siioni. Naunganisha aje?

Spoku36: Usiunganishe bila hiyo ringi, upepo utavuja wote. Na kama supu ilirukia diski ya breki, usiipande kabla hujaisafisha, haitashika.

MambaMweusi: Ringi iko tumboni mwa mtu.

Nyuki_Mamboleo: Ngoja kwanza. Hayo maharagwe ni matupu ama ni nyoyo, yaliyochanganywa na mahindi? Kama ni nyoyo, mia saba sufuria nzima umepewa bei ya shemeji.

Dada_Kibuye: Mama huyo si ni yule wa karibu na steji? Nyoyo yake ina vitunguu vingi, nakwambia.

Naks_Damu: Nakuja Kisumu Ijumaa. Anafunga saa ngapi?

Mwenye uzi: Wadau. Foku.

Dada_Kibuye: Saa mbili usiku, lakini chapati zinaisha mapema.