Kompyuta ya kuzamia: betri bapa, betri za AA au ya kuchaji?

Mzamia_Chole
Wakuu, habari za huko. Naongoza wageni chini ya maji hapa Mafia, na kabla kaskazi haijashika nataka niwe na kompyuta yangu mwenyewe ya kuzamia, kile kifaa cha mkononi kinachohesabu kina na muda wa kukaa chini, niachane na hii ya kuazima ofisini. Nimebakiza tatu: Cressi Leonardo iliyotumika (inakula CR2430, betri bapa kama sarafu), Shearwater Perdix ya betri ya AA, nayo imetumika, na Shearwater Peregrine mpya ya kuchaji. Skrini na hesabu za dekompresheni, yaani za kupanda juu salama, nimeshazisoma vya kutosha. Swali langu ni betri tu. Hapa Kilindoni kitu kikikosekana dukani unasubiri boti au ndege, na siku nyingi nazama mara mbili. Ipi haitanitupa mkono katikati ya msimu?

Daiva_Diani
Mkuu, chukua ya AA. Hakuna kijiji cha pwani kisicho na betri ya AA, hata duka linalouza sukari na mafuta ya taa wanazo. Za kawaida ni aina tatu. Alkalini ndiyo rahisi kupatikana na geji ya chaji kwenye kioo inaaminika, maana nguvu inashuka taratibu unaiona. Lithiamu ya volti 1.5 inakaa zaidi, ila bei yake imesimama. Za kuchaji za volti 1.2 zinafaa ikiwa ofisini mna chaja ya tochi, lakini zijue tabia: geji inatulia pale pale, halafu inaporomoka ghafla.

Ukishabadilisha, Perdix inakuuliza umeweka aina gani. Jibu sawasawa. Ukiiambia alkalini na ndani umeweka lithiamu, geji itakuonyesha imejaa hadi dakika za mwisho. Na msimu ukifungwa usiiache alkalini ndani miezi yote ya masika, inavuja na kula vyuma vya ndani.

BintiMatemwe
Kaka wa Diani kasema kweli, ila betri bapa msizidharau. Kwa mtu mwenye mfuko mdogo Leonardo ni kompyuta ya kazi. Betri yake unaifungua kwa sarafu, na akiba ya msimu mzima inaingia kwenye mfuko wa shati.

Zisome namba zake kabla ya kutoa pesa. Zote ni lithiamu ya volti 3. Tarakimu mbili za kwanza ni upana kwa milimita, mbili za mwisho ni unene kwa sehemu za kumi za milimita. Kwa hiyo CR2430 ina upana wa milimita 24 hivi na unene wa 3.0, na CR2450 ya kompyuta kama Suunto Zoop Novo au Mares Puck Pro ina unene wa 5.0. Upana ni ule ule, kwa hiyo kwenye kaunta ni rahisi kupewa siyo. Ile nene inabeba umeme karibu maradufu. Na mtu asikupe LIR2450 kwa kuwa "inachajika". Ikijaa inafika volti 4.2, na kifaa kimetengenezwa kwa volti 3.

Nunua iliyofungwa kwenye kadi yake na yenye tarehe. Iliyokaa mlangoni mwa duka juani, au iliyochanganywa na nyingine ndani ya kopo zikigusana, iache.

Mzamia_Chole
Asante dada. Hii ya ofisini ni Zoop na inamaliza betri upesi mno. Ni ugonjwa wa kompyuta au wa betri?

BintiMatemwe
Mnaihifadhi wapi baada ya kuzama? Zoop ina vyuma vidogo vinavyohisi maji, ndivyo vinavyoiwasha. Ukiitupa kwenye begi pamoja na suti mbichi, yenyewe inadhani bado iko majini. Ukiona herufi AC kwenye kioo na wewe uko nyumbani, ndiyo hiyo. Ioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ifute, itundike kivulini peke yake. Mwanga wa kioo nao unakula sana, mchana huuhitaji.

FundiSaa_Likoni
Nimefungua nyingi za wapiga mbizi wa huku. Nyingi zinazokufa huuawa na maji yaliyopitia kwenye oringi, ile pete ya mpira ya kifuniko cha betri, betri haina kosa. Kwa hiyo ndugu, iwe bapa au AA, siku ya kubadilisha ndiyo siku ya hatari.

Ioshe kwanza, ikauke kabisa, chumvi iliyojificha kwenye nyuzi za kifuniko isiangukie ndani. Kaa mezani penye mwanga, pasipo na upepo wa mchanga. Oringi itoe kwa kidole au kijiti cha plastiki, pini itakwaruza mfereji wake. Ipitishe katikati ya vidole pole pole ukiitazama: ikiwa bapa upande mmoja, au ina mpasuko mdogo kama wa wembe, itupe. Mimi huweka mpya kila ninapobadilisha betri, hata kama ya zamani inaonekana nzima. Mfereji ufute kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Unywele mmoja unatosha kupitisha maji kwenye kina cha mita 20, ambako shinikizo ni mara tatu ya juu ya maji. Kisha grisi ya silikoni kidogo tu, oringi ing'ae, isiwe na mabonge. Wengi hupaka nyingi wakidhani ndiyo inayozuia maji, kumbe inanasa mchanga. Vaselini usiiguse, mafuta yake yanavimbisha baadhi ya mipira.

Betri bapa ishike kwa ukingo wake. Ukikuta ukungu wa kijani kwenye chuma, futa kwa pamba iliyoloweshwa siki kidogo, kisha spiriti, acha ikauke.

Sahil_Muscat
Mimi niko Oman, tunazama visiwa vya Daymaniyat, na natumia Peregrine. Uzuri wake ni kwamba hakuna kifuniko cha kufungua, kwa hiyo maneno yote ya fundi hayakuhusu. Unailaza juu ya chaja isiyo na waya, basi. Ila betri ya ndani inazeeka, na siku ikichoka unaipeleka kwa watengenezaji wenyewe, hutaibadilisha mezani. Usiiache kwenye gari juani, na ikikaa miezi bila kazi iache na chaji ya nusu hivi. Kwako Mafia ningeuliza jambo moja: umeme ukikatika usiku, ofisini kuna jenereta au sola?

Mzamia_Chole
Sola ipo, ya taa na simu. Sasa, betri ikilia kati ya mzamo wa kwanza na wa pili, nibadilishe kwenye boti?

BintiMatemwe
Kwa Leonardo, hapana. Kompyuta nyingi za betri bapa, ukiitoa betri hesabu ya nitrojeni iliyobaki mwilini inafutika. Ukishuka tena itakuhesabu kama mtu ambaye hajazama, itakupa dakika usizostahili. Mzamo wa pili unaukosa, na unabadilisha betri ukishaisha ule muda wa kusubiri kabla mzamiaji hajaruhusiwa kupanda ndege. Perdix huiweka hesabu kwenye kumbukumbu ya kudumu, ukibadilisha upesi inaendelea pale ilipoishia. Kwa anayezama kila siku, mimi naona hiyo inazidi bei yoyote.

Mzamia_Chole
Basi nimeelewa. Naifuata Perdix, na oringi za akiba naagiza Dar pamoja nayo. Nitatumia lithiamu ya volti 1.5, na alkalini za akiba kwenye boksi lisiloingia maji.

FundiSaa_Likoni
Sawa. Ukisafiri kwa ndege, za akiba zipande nawe, zisiwe kwenye mzigo wa chini. Na zile CR za Zoop zilizokwisha, zibandike utepe pande zote mbili kabla ya kutupa, uziweke mbali na watoto. Mtoto akimeza moja inaweza kuunguza koo ndani ya saa mbili, hata ikiwa haiwashi tena kompyuta. Akimeza, hospitali hapo hapo, usimtapishe.