Kwa nini misimu ya vijana huchuja, ilhali michache hudumu?

Msomaji wa Pembeni aliuliza:

Wanajukwaa, salamu kwenu nyote. Naomba tulijadili jambo ambalo vitabu vya sarufi hulipita haraka: misimu, yaani maneno ya mitaani ya vijana. Sisi tuliokuwa vijana mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 tulisema kitu kizuri ni “bomba” au “babkubwa”, fedha tukaziita “mshiko”, na tukasalimiana kwa “mambo” na kujibiwa “poa”. Leo nikitamka “babkubwa” mbele ya wanangu, wanacheka, na hawacheki kwa kukosa kuelewa, maana wameelewa vizuri kabisa; wanacheka kwa sababu neno hilo limewatajia umri wangu. Nikisema “poa”, hakuna anayegeuka. Maneno yote mawili yalikuwa ya vijana, yote yalikemewa na watu wazima wa wakati ule, na maana zake zinakaribiana. Kwa nini moja lichuje na jingine lidumu? Na je, mtu huiacha misimu anapokua, au huzeeka nayo?

Mwalimu Mstaafu alijibu:

Ndugu Msomaji, nitaanza na swali lako la pili, kwa kuwa likijibiwa, la kwanza hulegea lenyewe. Katika isimujamii, yaani taaluma ya lugha katika jamii, hutenganishwa mambo mawili yanayofanana kwa juu juu. Lipo badiliko la umri, yaani mtindo wa kusema ambao kila kizazi huupitia kikiwa katika rika fulani na kuuacha kikishavuka. Na lipo badiliko la kizazi, ambapo watu wa rika moja hubaki na walichojifunza ujanani hata wakizeeka, huku wanaowafuata wakianza na kingine. Misimu inabeba yote mawili kwa pamoja, na ndiyo maana hutuchanganya. Kiasi cha misimu katika mazungumzo ya mtu hufuata umri: huongezeka ujanani, kisha hupungua anapoingia kazini, anapolea watoto na anapolazimika kusema na watu wengi wasio wa kundi lake. Lakini ni maneno yapi hasa yanayobaki kinywani mwake, hilo hufuata kizazi. Mtu mzima huipunguza akiba yake ya misimu bila kuifanya upya. Kwa hiyo “babkubwa” halikufa; limezeeka pamoja na wasemaji wake, na kijana akilisikia hupiga hesabu ya miaka bila hata kukusudia.

Ama sababu ya vijana kulikimbia, naiona katika kazi ya neno lenyewe. Msimu hutaja kitu, na wakati huohuo hufanya kazi ya ua wa nyumba: huonyesha nani yumo ndani na nani yuko nje. Siku matangazo ya biashara, wanasiasa na wazazi wanapoanza kulitumia neno hilo, ua umebomoka, na vijana huhamia kwingine ingawa neno bado linataja kitu kilekile. Mfano ulio wazi zaidi ninaoufahamu ni wa vijana wa Ufaransa, ambao kwa muda mrefu wamekuwa wakigeuza silabi za maneno katika mtindo uitwao verlan. Neno “arabe” (Mwarabu) liligeuzwa likawa “beur”, na katika miaka ya 1980 likaenea hadi katika vyombo vya habari na siasa. Vijana walifanya nini? Waliligeuza tena, likawa “rebeu”. Vivyo hivyo “femme” (mwanamke) lilikuwa “meuf”, na “meuf” lilipozoeleka mno likazaa “feumeu”. Hapo kitu kinachotajwa hakikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni nani aliyekwisha kulijua neno.

Binti Sarufi alijibu:

Mwalimu, shikamoo. Nakubaliana nawe kuhusu ua, ila naona hoja hiyo ikiachwa peke yake haielezi kwa nini “poa” limesalimika. Ua wake ulibomoka zamani, na watu wa makamo wanalitumia kila siku, lakini vijana hawajalikimbia. Lazima tutazame pia neno linafanya kazi katika uwanja gani wa maana.

Maneno ya kusifia, ya kutukana, ya kutaja fedha, ya kutaja polisi na ya kutia chumvi huchuja haraka kwa sababu nguvu yake iko katika upya wake. Msemaji anayesema kitu ni kizuri “kinoma” anataka kusema kwamba “sana” halitoshi. Likishasemwa na kila mtu juu ya kila kitu, “kinoma” nalo linashuka hadi kuwa sawa na “sana”, na hapo ndipo huitwa “kichizi” au “kinyama” kuja kuokoa jahazi. Jambo hili si la Kiswahili pekee. Wanaisimu Rika Ito na Sali Tagliamonte, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2003 kuhusu Kiingereza cha mji wa York, walionyesha wazee wakielemea “very” na vijana wakielemea “really”, ingawa maneno yote mawili hufanya kazi moja ya kukoleza sifa. Upande wa pili yapo maneno ya mitaani yaliyotaja kitu ambacho hakikuwa na jina jingine la kuridhisha, nayo hayana mshindani wa kuyaondoa. “Daladala” na “matatu” yalitokana na nauli, yaani sarafu zilizotolewa wakati huo; nauli zile zimekwisha kusahaulika, na wasemaji wengi hawazikumbuki, lakini majina yamekuwa ya kawaida hata katika maandishi rasmi.

Sasa turudi kwenye “poa”. Kwanza, ni jibu la salamu, na salamu ni sehemu ya lugha inayorudiwa kwa mazoea bila kutafuta mshangao wowote. Pili, ni neno la upole. Halipigi kelele kama “babkubwa”, kwa hiyo halichoki kama linavyochoka neno linalopiga kelele. Inapendeza kuona kwamba katika Kiingereza nako neno la sifa lililodumu kuliko mengine ni “cool”, lenye wazo lilelile la ubaridi, ambalo lilisambazwa na wanamuziki wa jazi Wamarekani Weusi kabla ya katikati ya karne ya 20 na bado linatumiwa na watoto wa shule. “Groovy”, lililotoka katika muziki huohuo na kung'ara katika miaka ya 1960, leo linasemwa kwa mzaha.

Msomaji wa Pembeni aliandika:

Nashukuru, Mwalimu, nawe dada Binti Sarufi. Mmenifungulia njia, nami naongeza maswali mawili. Je, mitandao ya kijamii imeifupisha miaka ya misimu, kama inavyosemwa mara kwa mara? Pia, mimi huandika hadithi zenye mazungumzo ya vijana, na naogopa kwamba baada ya miaka kumi wahusika wangu watasikika kama mimi ninavyosikika nyumbani. Nifanyeje?

Kalamu Nyeusi alijibu:

Mimi sina uhakika kwamba maneno yenyewe yana maisha mafupi kuliko zamani, kwa sababu malalamiko ya kwamba misimu inapita upesi ni ya kale sana. Mwanaisimu Connie Eble alianza mwaka 1972 kukusanya misimu ya wanafunzi wake katika Chuo Kikuu cha North Carolina nchini Marekani, miaka mingi kabla ya intaneti kufika kwa watu wa kawaida, naye alikuta maneno mengi yakipita na machache tu yakiendelea kutajwa na wanafunzi wa miaka iliyofuata. Hata hofu kwamba misimu itaiharibu lugha si mpya. Mwaka 1710 mwandishi Jonathan Swift alilalamika katika jarida la The Tatler kwamba amejitahidi kuzuia neno “mob” (kundi la watu wenye fujo), ambalo watu walikuwa wamelikata kutoka Kilatini “mobile vulgus”, na kwamba wingi wa watu umemshinda. Leo “mob” ni Kiingereza cha kawaida kabisa, na vijana wa Uingereza hawana habari kwamba liliwahi kuwa na ujana.

Kilichobadilishwa na mitandao, kwa maoni yangu, ni muda kati ya neno kuzaliwa na ua wa Mwalimu kubomoka. Zamani msimu uliweza kukaa shuleni au mtaani kwa miaka kabla ya kufika kwenye redio. Sasa unatoka kwenye kundi la marafiki hadi kwenye tangazo la biashara katika muda mfupi mno, na wenye nao hawapati nafasi ya kuuzoea kabla haujawatoka. Vilevile mitandao imezaa kitu cha pembeni kinachonifurahisha: vijana huyaokota maneno yaliyochuja na kuyatumia kwa makusudi, kwa kejeli au kwa upendo. Tazama walivyolichukua “wahenga”, neno la heshima la methali, wakalifanya jina la yeyote aliyewatangulia miaka kadhaa.

Ningeongeza jambo moja ambalo halijasemwa: maneno hupita, lakini mbinu za kuyaunda hukaa. Ugeuzaji wa silabi aliousimulia Mwalimu uko pia katika Sheng, ambamo “stori” ilizaa “risto”. Ukataji wa maneno, ukopaji kutoka lugha jirani na uundaji wa vielezi kwa kiambishi “ki-”, kama katika “kinoma” na “kichizi”, vimepita mikononi mwa zaidi ya kizazi kimoja bila kuonekana vya kizee.

Hapo ndipo ninapolijibu swali lako la hadithi. Usimjaze mhusika wako maneno ya mwezi huu. Mpe misimu michache ya upole, ile inayofanana na “poa”, na ujana wake uuweke katika namna anavyokatiza sentensi, anavyomtania mwenzake na anavyojibu kwa mkato. Ukihitaji neno linalopiga kelele, liweke kwa kujua kwamba litautaja mwaka, na uhakikishe hadithi nayo inatokea mwaka huohuo. Hadithi ya mwaka 2001 isiyo na “babkubwa” hata moja nayo ingekuwa na kasoro.

Binti Sarufi alijibu:

Naunga mkono, ila kwa tahadhari moja. Usiwaombe wanao wakupe maneno mapya. Watakupa yale waliyokwisha kuyaacha.