Uyoga mwekundu kwenye mwembe wetu Ujiji, ndo ule wa dawa ya Wachina?

mjukuu_wa_ujiji: Wakuu habari za saa hizi. Nyumbani Ujiji kuna mwembe aliupanda babu, tangu mvua zianze umetoa uyoga pale chini kwenye mizizi, mgumu kama ubao, juu mwekundu unang'aa kama umepigwa vanishi, chini mweupe, ukipitisha kidole inabaki alama ya kahawia. Mama ana presha miaka mingi, sasa jirani kamwambia ndo ule unaosagwa wanachanganya kwenye kahawa, eti Wachina wameupima mpaka jeni, auchemshe anywe, vidonge aache. Niko Tabora kikazi na mama ameshaukata kwa panga, naombeni msaada

nesi_mstaafu: Mpigie mama sasa hivi mwanangu, vidonge asiache hata siku moja. Presha haipigi hodi, unamwona mtu mzima kabisa asubuhi, jioni kapooza upande. Na kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda huo uyoga asiuguse kabisa

ticha_bailojia: La jeni ni kweli ila jirani kalichukua nusu. Mwaka 2012 Wachina walitoa jenomu, yaani ramani ya jeni zote, ya lingzhi, ndo huo uyoga wao wa dawa ambao Wajapani wanauita reishi: kromosomu 13, jeni kama 16,100. Humo wakaona jeni zinazotengeneza vile vitu vichungu vinavyoitwa triterpeni, ndo maana ukiuchemsha maji yanakuwa machungu hasa, na Wachina wamekunywa maji hayo miaka zaidi ya elfu mbili. Sasa kujua uyoga unatengeneza nini ni jambo moja, kujua unamponya mtu ni jingine kabisa. Mwaka 2015 Cochrane, kundi la kimataifa linalopitia tafiti za tiba, walipitia majaribio ya watu wenye kisukari cha aina ya pili, waliangalia sukari na presha pia, ushahidi wa kutosha kuutumia kama tiba haukuwepo. Halafu hii jamii ina ndugu wengi wanaofanana mno, hata lile neno lucidum kwenye jina lake la kisayansi Ganoderma lucidum lilitokana na uyoga wa Uingereza ulioelezwa mwaka 1781 na wataalamu bado wanabishana lingzhi ya China iitweje, sasa wa kwenu Ujiji tutaujuaje kwa macho tu?

mzee_wa_mawese: Mimi nawaza huo mwembe. Kuvu wa aina hiyo anakula ile lignini inayoushika mti uwe mgumu, ndani mbao inabaki nyeupe laini kama sponji huku juu majani yako kijani tu. Kule Malaysia na Indonesia ndugu yake anaangusha michikichi mashamba kwa mashamba. Kuukata kwa panga hujautoa, mwenyewe yumo ndani ya shina. Gongeni shina kwa nyundo msikilize kama ndani pako wazi

mjukuu_wa_ujiji: Asanteni sana wazee wangu. Mama nimeongea nae, vidonge kameza jioni hii na uyoga kautupa. Mdogo wangu amegonga, upande wa jikoni unalia kama ngoma. Kesho namtafuta fundi wa kuangusha miti, kwa sasa wamehamia kulala chumba cha mbele