Fedha za wahisani: ziingie shambani, ghalani au kwenye mizani?

Katibu wa Kikundi, Misungwi

Ndugu zangu, kikundi chetu cha wakulima wa muhogo, mpunga na viazi vitamu kimepokea barua kutoka taasisi ya hisani ya ng'ambo iliyo tayari kutufadhili kwa miaka mitatu, kwa sharti kwamba sehemu kubwa ya fedha itumike kununua mbegu chotara za mahindi na mbolea ya viwandani. Vijana wanataka tutie saini wiki hii. Wazee wanakumbuka miradi iliyoacha mabango barabarani na madeni kwenye maduka ya pembejeo. Ninachouliza ni hiki: mhisani anayetaka kweli ardhi yetu iendelee kuzaa na mkulima apate bei ya haki, fedha yake aiweke wapi, na sisi tumwambieje bila kuonekana hatuna shukrani?

Mstaafu wa Ushirika, Nyamagana

Ndugu Katibu, wazee wako wana hoja. AGRA, shirika la kueneza mbegu bora na mbolea kwa wakulima wa Afrika, ilianzishwa mwaka 2006 na taasisi mbili za Marekani, Rockefeller na Bill & Melinda Gates, ikilenga kuwaongezea maradufu mavuno na kipato mamilioni ya wakulima wadogo wa Afrika na kupunguza upungufu wa chakula kwa nusu ifikapo mwaka 2020. Mwaka huo ulifika, lengo halikufikiwa. Sisemi kwamba mbolea ni sumu. Aliyelima kwenye luseni, udongo wetu wa kichanga, iliyochoka anajua inavyosaidia. Lakini pembejeo inayolipiwa na mtu mwingine huisha siku anapoondoka, huku bei ya gunia ikiendelea kupangwa na dalali.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima wa pamba wa Usukuma hawakuanza kwa kudai mbegu. Walianza na mizani, kwa sababu walijua wanapunjwa, wakaajiri wapimaji wao wenyewe. Kutokana na harakati hizo, chini ya uongozi wa Paul Bomani, vilistawi vyama vya msingi, na mwaka 1955 muungano wao, Victoria Federation of Co-operative Unions, ambao ulifika hadi kumiliki vinu vya kuchambulia pamba. Baadaye mambo yaliharibika, na mwaka 1976 serikali ikavivunja vyama vikuu nchini, kwa hiyo sikusimulii habari za peponi. Ila nguvu ile ilitokana na pamba ya wanachama wenyewe. Leo mnapunjwa kwa lumbesa, yaani gunia linalojazwa kupita kipimo, na dawa ni ile ile: mwombeni mhisani agharamie ghala, mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo, na mafunzo ya hesabu kwa viongozi, nawe ukiwemo, usinichukie.

Mchuuzi wa Dagaa, Mwaloni Kirumba

Mzee wetu amesema vyema, lakini mazungumzo haya yasiishie shambani, kwa sababu hapa Mwanza ugali huliwa na samaki. Viwanda vya minofu ya sangara vilipoenea katika miaka ya 1990, mitaji, barafu na ukaguzi wa ubora vilielekezwa kwenye minofu ya kwenda Ulaya, na wenye kipato kidogo wakabakiwa na mapanki, yaani vichwa na mifupa ya sangara baada ya minofu kuondolewa. Dagaa, kitoweo cha wanyonge kinachoanikwa na kuuzwa zaidi na wanawake, hawakupata uangalizi wa namna hiyo. Mpaka sasa wengi wetu tunaanika mchangani, na mvua zikikolea mzigo unaoza au unauzwa kwa bei ya kutupwa kwa watengenezaji wa chakula cha kuku. Kichanja cha nguzo na wavu hakihitaji mtaalamu wa kutoka ng'ambo. Kosa lake ni kwamba hakikatiwi utepe, na wafadhili wanapenda utepe. Katibu, kabla ya kuandika ombi, angalieni pia kama kuna mwanamke anayetia saini kwenye akaunti yenu ya benki.

Afisa Miradi, Ilemela

Nimefanya kazi upande wa wafadhili, na kwa kawaida barua ya kwanza si neno la mwisho. Afisa aliyeiandika ana bodi inayomdai takwimu, na mifuko ya mbolea iliyogawiwa ni rahisi kuhesabika kuliko rutuba iliyorudi. Kwa hiyo jadilini muda kabla ya kiasi. Miaka mitatu inatosha kugawa mbegu, haitoshi kuponya udongo. Vi Agroforestry ya Uswidi ilianza mwaka 1983 kwa michango ya wasomaji wa gazeti la Vi, walioombwa kuchangia upandaji wa miti nchini Kenya, nayo ikaendelea na kilimo mseto katika bonde la Ziwa Victoria, Mara na Kagera zikiwemo, kwa miongo kadhaa. Kwa jirani zetu Shinyanga, mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga), ulioanza mwaka 1986, ulishika kasi ulipogeukia ngitili, utaratibu wa Wasukuma wenyewe wa kutenga eneo ili majani na miti vipumzike. Fedha zile zilikuwa za serikali na za msaada wa Norway, si za hisani binafsi, lakini wenye ardhi ndio waliojua cha kufufua.

Kuhusu mbegu, pendekezeni fungu hilo lisinunue mahindi chotara, bali liwawezeshe wanachama kuzalisha pingili safi za muhogo unaostahimili magonjwa ya batobato na michirizi ya kahawia. Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Ukiriguru kiko wilayani kwenu, na utaratibu wa mbegu za kuazimiwa ubora chini ya TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu, unamruhusu mkulima mdogo kuzalisha na kuuza. Biashara hiyo inaweza kuendelea mradi ukishafungwa.

Katibu wa Kikundi, Misungwi

Nawashukuru. Tutaomba miaka sita kwa fedha ile ile, tukitaja ghala, mizani na pingili, na mbolea ibaki kwa mpunga tu. Watia saini watachaguliwa upya kwenye mkutano mkuu. Dada wa Mwaloni, akina mama wetu wanauliza kama kichanja cha dagaa kinafaa kuanikia michembe, vile vipande vya viazi vitamu vya kukausha.

Mchuuzi wa Dagaa, Mwaloni Kirumba

Kinafaa, kwa kuwa matundu ya wavu ni madogo na michembe haitapenya. Viazi vibichi ni vizito kuliko dagaa, kwa hiyo nguzo zikaribiane, na msirundike.