Ubingwa wa meno ya watoto: Nairobi miaka 3, au hospitali ya watoto Marekani miezi 24?

Kiraka (mwanzisha mada)
Wakuu, habari za jioni. Nina DDS (shahada ya udaktari wa meno) ya Muhimbili, huu mwaka wa nne niko hospitali ya mkoa. Kiti kimoja, msaidizi mmoja. Nataka kusomea meno ya watoto na nimebaki na njia mbili: MDS (shahada ya uzamili ya meno) ya Chuo Kikuu cha Nairobi, miaka 3 pamoja na tasnifu, au rezidensi (mafunzo ya ubingwa kazini) ya miezi 24 ndani ya hospitali ya watoto huko Marekani.

Kilichonisukuma ni hiki. Mwezi uliopita aliletwa mtoto wa miaka minne, magego yote manane yameoza, mawili yana usaha. Nikayang'oa hayo mawili kwa ganzi, baba kashika miguu, nesi kashika kichwa. Usaha uliisha, ila sasa akiona koti jeupe anajificha nyuma ya mama yake. Sitaki kufanya kazi hivyo tena. Waliopita njia hizi, nisaidieni.

Gego_la_Pili
Dokta, usilinganishe nchi kwanza, linganisha aina. Marekani kwenyewe kuna programu za chuo, ambazo nyingi unazilipia ada, na za hospitali, ambako kwa kawaida unalipwa posho kama marezidenti wengine. Mimi nilipita hospitalini.

Saa moja na nusu asubuhi mtoto wa kwanza yuko mezani, nusu kaputi, mpira wa hewa umepita puani ili mdomo ubaki wazi kwako. Unaweka kitambaa cha kuziba koo, nesi anatangaza kwa sauti "kimeingia" na kuandika ubaoni. Humalizi mpaka atangaze kimetoka. Kati ya hapo unatibu viini vya meno, unavika magego kofia za chuma, unang'oa yasiyookoka, yote kwa mkupuo mmoja. Mtoto anaamka hakumbuki kitu.

Kuna pia wiki 4 unakaa na watu wa usingizi, unajifunza kushika njia ya hewa ya mtoto. Hapo ndipo nilipopata hofu ya kweli, na adabu.

Lakini kilichonifunza zaidi ni wodi. Mtoto wa moyo hapelekwi kubadilishiwa vali hadi umkague kinywa. Wa saratani ya damu unamwondolea meno yenye usaha kabla dawa hazijashusha kinga. Wa hemofilia, ugonjwa wa damu kutoganda, humng'oi jino bila kukaa na daktari wake wa damu. Na zamu za usiku: simu inalia, mtoto kaanguka, jino la kudumu limetoka zima, mzazi kalileta ndani ya maziwa. Unalirudisha. Lingekuwa la utotoni, huligusi.

Daktari_Hurlingham
Pole na kazi, daktari. Mimi ni wa Nairobi, hospitali ya meno ya chuo, Argwings Kodhek Road, kwa hivyo jua naegemea upande wangu. Gego amesema kweli, ila wagonjwa wake si wako. Huku utafundishwa na watu wanaojua "meno ya plastiki" ni nini, ile imani kwamba uvimbe kwenye fizi za mtoto mchanga ni meno mabaya yanayomletea ugonjwa. Mtoto wa miezi mitano ana homa na kuhara, fizi zimevimba, bibi anampeleka kwa fundi wa kienyeji, vichipukizi vya chonge vinachokolewa. Miaka kadhaa baadaye chonge la kudumu linatoka limepinda, au halitoki kabisa. Unajifunza kuongea na huyo bibi bila kumtukana, na hilo ni somo lenyewe.

Tasnifu, mahali popote, ni mzigo. Ianze mwaka wa kwanza.

MeruMaji
Swali langu ni moja: ukirudi na ujuzi wa thieta, yaani chumba cha upasuaji, nani atampa mtoto usingizi? Mimi niko Arusha, maji yetu yana madini ya floraidi hadi meno ya watu yana rangi ya chai, na mtu wa usingizi tuliye naye anagombewa na wajawazito. Nilichofaidika nacho ni mbinu ya Hall, kofia ya chuma inabandikwa juu ya gego bovu bila sindano wala kuchonga, na ile dawa ya fedha na floraidi ya asilimia 38. WHO waliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021. Unapaka kwa brashi ndogo, dakika moja, na mara nyingi jino linaacha kuoza.

MamaPacha
Mimi si daktari, napita tu. Pacha wangu walipakwa hiyo dawa. Maumivu hakuna, ila mabaka yakawa meusi, shangazi zao wakaniuliza kama nawalisha mkaa. Waambieni wazazi mapema!

Gego_la_Pili
Haha, pole mama. MeruMaji, nakubali, ila jino lenye usaha halitibiwi kwa kupaka. Kiraka, kuhusu Marekani kumbuka pia kuwa programu nyingi zinauliza mitihani yao ya madaktari wa meno, INBDE au ADAT, na leseni hutolewa na kila jimbo kwa masharti yake. Kama nia ni kurudi nyumbani, hilo la leseni lisikunyime usingizi.

Kiraka
Wakuu, asanteni. Naomba Nairobi. Gego, nikiwa mwaka wa pili nitakutafuta, nije hata mwezi mmoja kuangalia.

Gego_la_Pili
Karibu. Mgeni wa kuangalia hagusi mgonjwa, lakini kitambaa cha koo utakihesabu na sisi. Yule mtoto ana magego sita bado?

Kiraka
Sita. Alirudi Ijumaa, sikuvaa koti. Tulihesabu meno tu, yangu kwanza, kisha ya baba yake, kisha yake. Kioo alishika mwenyewe.